Salamu za Saa Kumi

"Lazima iongee saa kumi," Linet alisema. "Ikikataa na leo, sijui nitafanya nini."

Scovia aliangalia saa yake. Ilikuwa saa nane na robo, na kompyuta ilikuwa imewaka kwa dakika kumi na nane bila kuonyesha kitu ila skrini ya buluu na mshale uliokwama katikati. Alikuwa amefanya kazi ya ufundi wa kompyuta mjini Rongo kwa miaka tisa, na mashine kuukuu alizijua. Lakini hakuna mteja aliyewahi kumpigia simu mara sita asubuhi moja, tena Jumapili, aende hadi Karungu kwa ajili ya kompyuta ambayo wengine wangeshaitupa.

Hatimaye picha ndogo zilianza kujitokeza, moja moja, kama zinazosita. Kisha ukatokea ujumbe: kuna huduma imeshindwa kuanza.

"Ndio huo," Linet alinong'ona. "Ulianza Jumapili iliyopita."

"Hiyo huduma ni programu inayofanya kazi chini kwa chini," Scovia alimweleza. "Ukiwasha mashine, inatakiwa iamke yenyewe. Hii haiamki. Nani aliiweka?"

"Mume wangu. Zadock."

"Ningeomba kuongea naye kidogo."

Linet alitupa jicho kwenye chumba cha ndani, ambako mama mkwe wake, Marcella, alikuwa akiimba wimbo wa kanisa kwa sauti ya chini. Shati la kiume lililopigwa pasi lilining'inia nyuma ya mlango. Chini yake viatu vya ngozi vilikuwa vimepakwa rangi, vinang'aa.

"Twende nje," alisema.

Walisimama ufukweni, hatua chache kutoka maji ya ziwa. Zadock alikuwa Uarabuni, dereva wa lori. Kwa kuwa mama yake haoni, aliweka ile programu kabla ya kusafiri: yeye alikuwa akirekodi sauti yake huko kila wiki na kuituma, na kila Jumapili saa kumi kompyuta iliitoa kwa spika. Februari mwaka jana, lori lake lilipinduka jangwani. Akazikwa huko huko. Aliyepigiwa simu ni Linet.

"Daktari alikuwa ameshasema moyo wa mama hauwezi mshtuko," Linet alisema. "Na Zadock ndiye mtoto wake wa pekee. Nikanyamaza. Sauti za zamani ziko sitini na mbili. Zikiisha, zinaanza upya."

"Na yeye hajui?"

"Hajui."

Scovia alirudi ndani, akaketi mbele ya kompyuta. Alikuta programu mbili za kuzuia virusi zikipigana, kila moja ikiichunguza mwenzake. Nyingine kumi na mbili ziling'ang'ania kuanza kwa pamoja. Ile ya Zadock ilipewa sekunde thelathini tu za kuamka. Katika msongamano ule hazikutosha, na mashine ikaiacha. Alifuta programu moja ya virusi, akazizuia zile kumi na mbili, kisha akaipanga ya Zadock ingoje nyingine zitulie kwanza.

Alizima, akawasha. Dakika nne. Hakuna ujumbe.

Ilipokaribia saa kumi, Marcella alitoka chumbani akipapasa ukuta, akaketi mbele ya spika. Linet alisimama nyuma ya kiti chake.

Spika zilikoroma. Ndani yazo mtu akavuta pumzi.

"Mama, amosi," sauti ya mwanamume ilimsalimu kwa Kijaluo. Nyuma yake injini kubwa ilikuwa ikinguruma, mbali.

"Salama, wuoda," Marcella alijibu. "Mwanangu, umekula?"

"Nimekula vizuri, usiwe na wasiwasi."

"Goti langu limepona," Marcella alisema.

"Na lile goti lako, bado linauma?" sauti ikauliza.

Scovia alidhani amesikia vibaya. Alimtazama Linet, lakini Linet alikuwa kama hayupo pale. Alikuwa amefumba macho, midomo yake ikifuata kila neno.

"Linet yuko hapo karibu?" sauti ikauliza. "Mwambie nakuja Desemba."

"Nipo," Linet alijibu kwa sauti. "Nipo, Zadock."

Injini ikanguruma kidogo zaidi, kisha pakawa kimya.

Linet alijipangusa uso kwa upande wa leso. "Nakuchemshia chai, dada," alimwambia Scovia, na akaenda jikoni akiwa mwepesi kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Scovia alianza kukusanya vifaa vyake. Mkono mkavu ukamkamata kifundo cha mkono.

"Nyathina," Marcella alisema. "Mtoto wangu. Itaendelea kuongea?"

"Itaendelea, mama."

"Ikiharibika tena, uje siku hiyo hiyo. Usingoje kesho. Niahidi."

"Nitakuja."

Marcella aligeuza kichwa, akasikiliza mpaka vikombe vikagongana kule jikoni. Ndipo akamvuta Scovia karibu.

"Mwanangu alikufa, najua. Nilijua tangu siku ya ile simu," alisema. "Lakini Jumapili iliyopita, mashine ilipokataa kuongea, Linet aliingia ziwani na nguo zake, nami nikamfuata kwa kusikiliza maji, nikamvuta hadi ufukweni."