Aya Zilizorukwa

Siku hizo kila nyumba ya Wakristo mjini Tukuyu ilikuwa na Msomaji, kifaa cha ukutani kilichopima mapigo ya moyo wa mtu kila asubuhi, kisha kumsomea Neno la kumfaa. Sekela alikipenda. Alitoka nyumbani akiwa amefarijika, na Biblia yake ilikaa kabatini bila kufunguliwa.

Kifaa kilipoharibika, aliitoa akasoma mwenyewe. Akafika pale Yesu anapomwambia mtu aiache sadaka yake madhabahuni, aende kwanza kupatana na ndugu yake. Moyo ukamwenda mbio.

Fundi alipokitengeneza, Sekela alikiuliza, "Mbona hukuwahi kunisomea hapa?"

"Nilijaribu mara moja," Msomaji akajibu kwa upole. "Ukaumia. Tangu hapo naparuka."

Hapo hapo Sekela akampigia simu dada yake Subilaga, ambaye walikuwa hawajasemezana naye tangu msiba wa mama yao.

"Nani amekufa?" Subilaga akauliza.

"Hakuna, dada. Nilikukosea. Nisamehe."

Walilia wote wawili, wakapanga kuonana Jumapili.

Tangu siku hiyo Sekela alisoma mwenyewe kabla ya kubandika chai, hata kurasa zilizomchoma. Mumewe, Ambakisye, bado alimsikiliza Msomaji na kutabasamu. Asubuhi moja Sekela alikizima kifaa, akaketi kando ya mumewe na Biblia mkononi.

"Baba Neema, leo tusome wenyewe. Tusiruke kitu, hata kinachouma."

Uso ukamshuka Ambakisye. Sekela aliona, akamshika mkono, akaanza kusoma.