Mlio Mmoja wa Saa Sita

Mvua ilinyesha tangu alfajiri, na kifaa alichokifukia fundi mlimani, juu ya nyumba ya mama yake, kilikuwa kimya.

Alikipanga mwenyewe: kilale kuokoa betri, kipige kelele ardhi ikisogea, na saa sita mchana kibipu mara moja tu, kama mama anavyombipu kumjulisha kuwa yu mzima.

Saa sita na dakika tatu. Ofisini, kidole cha fundi kiliganda juu ya kitufe cha king'ora cha kuwahamisha watu wa bondeni.

"Betri imekufa," bosi wake alisema, "au mlima umekimeza?"

Skrini ikawaka, ujumbe wa kifaa uliocheleweshwa na mvua: NIPO.

Fundi akashusha pumzi. Hapo hapo simu yake ikalia mara moja, ikakatika.

"Nani tena huyo?"

"Huyo," alisema, machozi yakimlengalenga, "ndiye mwalimu wa kifaa hiki."