Mpaka Mvua ya Kwanza

Sheria tunaijua sote: fundi akiziba paa lako, anahamia kwako, haendi kwake, mpaka mvua ya kwanza inyeshe. Likivuja, anaziba upya na kusubiri mvua nyingine.

Kwa hiyo siku hizi watu hawaulizi kama fundi anajua kazi. "Chukua mwenye mke na mtoto mchanga," dada yangu Matika alinishauri. "Huyo hataziba ovyo. Atataka kurudi kwake." Nikamchukua Masinjila, ambaye mwanawe alikuwa hajaanza hata kusema.

Mvua ikagoma. Dodoma ikakauka msimu baada ya msimu, nami nikawa namsongea ugali mwanamume nisiyemzaa wala asiyenioa. Nilimchukia mpaka alivyokuwa akitafuna.

Jana mchana ikanyesha, tena ya radi. Tulikaa sebuleni tukitazama juu. Halikudondoka hata tone moja.

"Hongera, fundi," nikamwambia. "Fungasha, nenda kwako."

Akampigia mkewe. Simu akapokea mtoto, sauti yake ikasikika mpaka nilipokaa.

"Mama yuko wapi?" Masinjila akauliza.

"Yuko chumbani na baba. Baba anamwonyesha paa letu halivuji. Wewe nani?"

Masinjila akakata simu. Akachukua nyundo na msumari, akatoka nje kwenye mvua ile ile, akapanda juu ya nyumba yangu.

Nikamsikia akitoboa bati. Tone la kwanza likaanguka mezani, pale pale ninapokulia. Ningeweza kupiga kelele, majirani wangekuja.

Nikaenda jikoni kuleta sufuria.