Swali la Mama wa Musanze

Kwa mara ya tatu asubuhi ile, Cansilde aliirudisha nyuma podikasti ya Dauda mpaka pale Dauda anapokohoa. Akaisogeza simu sikioni. Kikohozi kile hakikumpendeza hata kidogo.

"Maman, si amekohoa tu?" alisema Liliane, aliyekuwa akikunja mashuka. "Mutu kukohoa nayo ni habari?"

"Kifua kimembana huyu. Kwani huko aliko hakuna wa kumchemshia tangawizi?"

Liliane akaangua kicheko. Alikuwa mpokea wageni, mfuaji na mpishi kwa pamoja, maana nyumba ile ya wageni ya Gisenyi ilikuwa na vyumba sita tu. Kila asubuhi alivuka mpaka wa Kongo na Rwanda pale Petite Barrière akitoka kwake Goma, na tangu aanze kazi mwaka jana hakuacha kushangaa jinsi mjane wa umri ule alivyopagawa na sauti ya mwanamume asiyemwona.

Dauda alikuwa Arusha, na kila Jumatatu alizungumza na watu wa hoteli na utalii: namna ya kumpokea mgeni aliyechoka, kumtuliza aliyekasirika, kupanga bei msimu ukilala. Cansilde, aliyekulia Karagwe na Kiswahili chake kimenyooka, hakukosa kipindi hata kimoja. Lakini mafunzo? Aa, wapi! Mashuka aliyatandika vilevile, na bei zake zilikuwa zilezile za zamani.

"Iko podikasti ingine ya Wafaransa," Liliane alimshauri. "Inafundisha kuuza vyumba kwa mtandao. Iko ingine ya Uganda, ya watu wa kutembeza watalii, muzuri sana. Donc, tusikilize na hizo. We umekwama kwa huyu mumoja tu."

"Hizo sikiliza wewe."

"Bon, nimeelewa. Siku moja utapanda bisi uende kuolewa Arusha!"

Cansilde hakucheka. Machozi yalimlengalenga, na Liliane akajuta utani wake.

"Nisaidie kumwandikia swali," Cansilde akasema. "Herufi za simu sizioni vizuri."

Liliane akafuta mikono, akaketi, akaandika alivyoambiwa:

"Ndugu Dauda, nina nyumba ya wageni. Kulikuwa na mtu niliyemzoea kuliko wote. Siku moja akaja na msichana mwenye mtandio. Msichana akaninyooshea mkono, sikuupokea. Nikasema mbele ya wageni wote, huyu hakanyagi kwangu. Wakaondoka pamoja. Nimekosa, na nimejuta. Nifanye nini arudi?"

Liliane akainua kichwa. "Hawakukuwa na cheti cha ndoa?"

"Hawakuwa nacho."

"Basi kosa iko wapi? Nyumba ni yako."

"Ulimi hauna mfupa, Liliane. Kuna maneno nyumba haiwezi kuyahimili."

"Alikuwa anakuletea watalii wengi?"

"Alikuwa analeta kelele tu." Kwa mara ya kwanza Cansilde alitabasamu. "Akiwa ndani, mtaa mzima unajua yumo. Sasa nimezeeka, na nyumba imenyamaza. Sitaki kingine, nataka arudi."

Mwishoni akataka iandikwe kwamba swali limetoka kwa mama mmoja wa Musanze, si wa Gisenyi. Liliane hakuuliza. Mwenye biashara hulinda jina la biashara yake, nani asiyejua?

Jumatatu iliyofuata, kimya. Iliyofuata tena, kimya. Cansilde akaanza kurudisha sahani jikoni na chakula chake kikiwa nusu. Liliane akamhurumia mno, akawa anamlaani kimoyomoyo huyo Dauda mwenye maringo, asiyejibu swali la mtu mzima.

Hata Jumatatu moja ya mvua, chai ikiwa bado mezani, wakasikia: "Kuna mama mmoja wa Musanze ameandika."

Liliane alimshika Cansilde mkono. Dauda, ambaye maneno humtoka mbio, siku hiyo alisoma polepole. Alipofika kwenye mkono ambao haukupokewa, akasita, akakohoa, akaendelea mpaka mwisho.

"Katika kazi yetu," alisema, "mgeni ukimuudhi hukimbilii kumpunguzia bei. Unaomba radhi kwanza, maelezo yatafuata. Na radhi huanzia kwa aliyeumia zaidi, siyo kwa yule unayemtaka arudi. Hapa aliyeumia zaidi ni yule msichana."

"Umesikia?" Liliane alinong'ona kwa furaha. "Iko njia! Tutafute huyo dada, tumuombe pardon."

"Nitakwenda mwenyewe," Cansilde alisema, na uso wake ulikuwa umechangamka kuliko siku zote Liliane alizomjua. "Popote alipo. Nitampigia magoti."

Tayari alikwishasimama, anatafuta viatu. Simu ilikuwa kimya muda mrefu, hata Liliane akadhani mtandao umekatika. Akanyoosha kidole aiguse, na sauti ikarudi, safari hii ya chini sana.

"Yule msichana aliitwa Rayhana. Tumemzika mwezi wa tano, na mpaka anakata roho alikuwa akiniomba nikusamehe. Mimi mwanao nimeshindwa, mama."