Mama Mzima

Alama za Zawena zilishuka chini ya wastani unaotakiwa, na chuo kikataka kumfutia ufadhili. Kwenye rufaa aliambiwa alete ushahidi kwamba muhula wote alikuwa akimuuguza mama yake, aliyeangushwa na kiharusi.

"Ushahidi gani tena, na mimi nipo?" mama akasema. "Twende wote."

Basi siku ilipofika mama akataka doti yake mpya, akataka na wanja. "Siwezi kukuaibisha mbele ya wasomi." Mlangoni pa ofisi akakataa kushikwa mkono. Akaingia amenyooka, akawahi kiti kabla mguu haujaanza kutetemeka.

Bwana Mbonde, msimamizi wa ufadhili, akamtazama juu mpaka chini. "Mbona mama ni mzima kabisa?"

Uso wa mama ukachanua. Tangu augue, hakuna aliyewahi kumwambia hivyo. Zawena alikuwa ameshafungua kinywa abishe. Akamtazama mama, akakifumba.

"Ndiyo, mzee," akasema. "Mama yangu mzima."

Bwana Mbonde akawamiminia maji. Mama akaitazama glasi, asiiguse. Zawena, bila hata kufikiri, akaichukua, akakinga pindo la kanga chini ya kidevu cha mama, akaiinamisha upande wa mdomo unaofunga vizuri. Akasubiri ameze. Akainamisha tena, kidogo kidogo.

Bwana Mbonde alikuwa ameshainua kalamu aikatae rufaa. Ikabaki hewani, na kila mama alipomeza, akajikuta naye anameza.