Aganze Ameandika

Laurette aliubadilisha mwaka wa barua kabla ya kusoma. Kwenye kioo cha kompyuta palikuwa na 2016. Mdomoni mwake mlitoka mwaka huu, bila sauti kukwama.

"Papa, Aganze ameandika."

Mzee Mushagalusa akasogeza kiti. Macho yake yalikuwa yamezimika kabisa na masikio yalishakataa simu, kwa hiyo Laurette, mke wa mwanawe Aganze, ndiye aliyemsomea, mdomo karibu na sikio. Theluji imefika magotini. Kazi inakwenda. Papa asisahau dawa ya moyo. Mzee akacheka peke yake.

Delphine, jirani yao hapo mtaani Cimpunda, alikuwa amesimama mlangoni na sahani ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Akageuza uso, akajipangusa machozi kwa kitenge. Laurette ndiye aliyempa habari mwaka uliopita: Aganze amekufa kwa ajali ya gari huko Montréal. Mtaa mzima ulikubali kunyamaza, maana moyo wa mzee usingebeba.

Tangu hapo Laurette alikuwa mtu wa barua za zamani za Aganze. Alizipanga kwenye folda za miaka, akachagua zisizotaja uchaguzi wala kombe la dunia, na kila aliyoisoma akaihamisha kando asije akairudia. Akiba ilikuwa inakwisha. Juzi mzee alikunja uso, akasema habari ya baiskeli kuibiwa alishaisikia. Laurette akajibu kwamba wameiba nyingine.

"Mungu atakulipa," Delphine alimnong'oneza. "Mwanamuke mwingine angesharudi kwao. Bwana yako hayuko tena, na wewe uko unachunga baba yake."

Laurette akapokea sahani.

Siku hiyo mzee alitaka kujibu. Alisema polepole, Laurette akiandika: "Mutoto wangu, kama nilikukosea, unisamehe. Kuja nishike sura yako mbele nikufe." Laurette akamwambia imekwenda. Mzee akaridhika, akapapasa ukuta hadi chumbani kwake kujinyoosha. Delphine naye akaaga.

Alipobaki peke yake, Laurette aliyafuta maneno ya mzee. Kisha akafungua barua mpya, iliyoingia asubuhi ileile.

"Papa, ninaandika na ninaandika, haunijibu. Tumekata tiketi, mimi na muke wangu mupya Joviale. Tunafika Bukavu mwezi wa sita, tunakuletea mujukuu. Laurette nitaongea naye mimi mwenyewe. Aganze."

Akaisoma mara ya pili, taratibu. Halafu akavuta kiti na kuandika:

"Aganze, Papa amekufa. Tulimuzika kisiwani Idjwi, kwa ndugu zake. Mpaka mwisho alikataa jina yako itajwe."