Kamba ya Jokha

Kiangazi kilikuwa kimeleta dhoruba zake za mchanga, na katika mji ule hakuna aliyekwenda kisimani bila kamba kiunoni, ncha ya pili imefungwa kwenye nguzo ya mlango. Vumbi lilipomfunika, Jokha aliishika kamba yake kwa mikono miwili ili imrudishe nyumbani. Kamba ikamvuta upande mwingine.

“Salhi!” alimpigia mumewe kelele. “Umeifunga wapi?”

“Kwa ngamia, mama watoto! Nguzo imeoza!”

“We mwehu! Ngamia anatembea!”

“Mwambie asimame!”

Sauti ilitoka nyuma, mbali. Jokha hakuona hata vidole vyake. Akiifungua kamba, angepotea peke yake. Asipoifungua, angepotea na ngamia. Mbele, ndani ya vumbi jekundu, kengele ililia taratibu, na kamba ikakaza.